Kilima Kiitwacho Bahari

Gasana hakuja Biryogo, mjini Kigali, kwa ajili ya bahari. Alikuja kwa ajili ya suruali. Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, mwezi wa nane wa mwaka 1983, na Swafiya alikuwa barazani ameinamia cherehani yake, akimalizia kola ya shati la mwalimu mmoja mwenye shingo nene. Gasana akasimama mbele yake, akapandisha mguu mmoja kwenye kidato cha ngazi, akamwonyesha pindo. Lilikuwa limelowa mpaka nusu ya muundi, na pale lilipoanza kukauka palikuwa na mstari mweupe.

"Nataka uikate hapa," alisema, akionyesha chini kidogo ya goti. "Tangu jana bahari inanisumbua."

Swafiya akalishika lile pindo, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Halafu akaligusa kwa ncha ya ulimi, maana hakuwa na desturi ya kukata kitambaa kabla ya kukijua.

"Chumvi," alisema.

"Ndiyo, chumvi iko nyingi. Na matofali yako, mama, utakuja kuyapandisha juu. Mistari miwili ya chini imeshalowa."

Swafiya akachukua futi akampima. Alimwuliza kama anataka mguu wa kubana au mguu mpana, na Gasana akasema mpana, maji yapite. Mambo ya suruali yalipokwisha ndipo walipozungumza kuhusu matofali, kwa sababu matofali ndiyo yaliyomuuma Swafiya.

Gasana alikuwa mkulima wa Gahanga, mwenye shamba la viazi vitamu lililoanzia juu kabisa mgongoni mwa mlima na kuteremka upande wa Bugesera. Miaka sita nyuma alimwahidi Swafiya kipande cha juu, cha kutosha nyumba ya vyumba viwili na kibanda cha jiko. Mashahidi walikaa, upande wa Gasana wakanywa pombe ya ndizi, upande wa Swafiya wakanywa chai ya tangawizi, na tangu siku hiyo hakuna aliyegeuka. Lakini ardhi haiwi ya mtu mpaka ofisi ya komini igonge mhuri. Katika kuungoja mhuri Swafiya alikuwa akichomesha matofali kidogo kidogo, kila msimu wa sare za shule rundo jingine, na kuyafunika kwa nyasi pale pale juu. Yalikuwa yamefika elfu nne, na ya zamani yalikwisha kuota ukungu.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwa ajili ya baba yake. Mzee Twahiru alikuwa na miaka sabini na sita, na siku zake zote alikuwa amelala kwenye vyumba vya watu. Sasa alilala katika chumba cha kupanga cha binti yake, nyuma ya majora ya vitambaa, na usiku akigeuka jora moja lazima limwangukie. "Kufa hakunisumbui," alizoea kusema. "Ninachokataa ni kufia kwenye mlango wa mtu mwingine." Alilisema hilo kila alipopishana na mwenye nyumba, kwa adabu, baada ya salamu.

Mhuri ulikwama kwenye kilima. Katika nchi ile kila mtu alikuwa na kilima chake. Hata aliyezaliwa mjini, hata asiyewahi kukanyaga kijijini kwao, akiulizwa ametoka wapi alitaja kilima, na kilima hicho alikirithi kwa baba yake pamoja na pua. Fomu ya komini ilikuwa na mstari wake maalumu. Sasa, babu yake Swafiya alikuwa fundi wa nguo aliyeingia Kigali na wafanyabiashara wa vitambaa kutoka pwani, zamani za Wajerumani, akapapenda, akaoa, akabaki. Miaka mingi baadaye karani wa wakati huo alipita nyumba kwa nyumba akiuliza vilima. Babu alikuwa na chungu cha maharage motoni na maji yalikuwa yanaishia. Akajibu haraka haraka, "Mimi wa baharini, andika bahari," akarudi kwenye chungu chake. Karani akaandika, kwa mwandiko mzuri sana: Kilima, Bahari.

Ndivyo Twahiru, aliyezaliwa Kigali, akawa mtu wa kilima cha Bahari. Ndivyo na Swafiya. Maji makubwa kuliko yote ambayo Swafiya aliwahi kuyaona yalikuwa ziwa Muhazi, mara moja, siku ya arusi, na siku hiyo mvua ilinyesha hata ziwa lenyewe halikuonekana vizuri.

Kila mwaka alikwenda ofisini na kila mwaka alipokewa na karani wa viwanja, bwana Munyaneza, mtu msafi mwenye kalamu tatu mfukoni na moyo usio mbaya. Munyaneza alikuwa akisimama, anachukua rula, anaipitisha juu ya ramani iliyobandikwa ukutani, kuanzia juu mpaka chini, bila kuruka hata kijito.

"Bahari haiko," alikuwa akisema. "Ningekupa leo hii, mama. Lakini nitaandika nimempa mtu wa wapi?"

Sokoni ilikuwa rahisi zaidi. Pale walipokosa kuelewana bei, mtu alimwambia Swafiya arudi kwao baharini, na Swafiya akamwambia arudi kwao kwenye akili, mambo yakaisha. Ofisini hakukuwa na namna ya kujibu.

Jumapili Swafiya akaenda na baba yake kuiona hiyo bahari. Gasana aliwangoja njiani, pale Niboye, na baiskeli yake, ambayo mnyororo wake ulikwisha kushika kutu kwa siku tano tu, akampakia Mzee Twahiru nyuma juu ya mto, akaikokota kupanda mlima huku Swafiya akifuata na chupa ya chai. Njiani walipishana na watu wengi waliovaa nguo za kanisani. Habari ilikuwa imeenea, na Jumapili mjini watu hukosa pa kwenda.

Juu ya mgongo wa Gahanga mtu alisimama na kuchagua upande. Upande wa kaskazini kulikuwa na volkano, zote tano, zimepangwa vizuri mbali kule Ruhengeri, na kwa kuwa upepo wa chumvi ulikuwa umeosha hewa, zilionekana mpaka mikunjo. Upande wa kusini, pale palipokuwa na mafunjo na bonde la Bugesera, kulikuwa na bahari. Ilianzia kwenye viazi vya Gasana ikaishia mbinguni. Ilikuwa ya buluu, isipokuwa pembeni ambako ilikuwa bado na rangi ya udongo, maana haijaizoea nchi. Magari ya Nyamata yaliendelea kwenda na kurudi kama siku zote, kwa kuwa barabara ile ilikuwa na kibali. Abiria walifunga madirisha tu. Watu wa Bugesera walisema maharage yao siku hizi yanatoka shambani yakiwa na chumvi tayari, na wengine walilalamika imezidi.

Swafiya alimshika baba yake mkono. Mzee Twahiru alirekebisha kofia yake, akaiangalia bahari kutoka kushoto kwenda kulia, pole pole, kama anayekagua jora kabla ya kununua.

"Kubwa," alisema mwishowe. "Inapita hata mahitaji."

Watu walipoiona kofia na kanzu wakaanza kuwasogelea. Mama mmoja wa pale Gahanga, Nyirahabimana, alikuja na kikapu cha miche ya kabichi iliyonyauka, akakiweka miguuni pa mzee.

"Muzehe, bahari yenu imenilia kabichi."

"Pole sana, mama," Twahiru alisema. "Tusamehe."

"Nani kasema ni yetu?" Swafiya aliuliza.

"Ee, si ninyi ndio wa huko?" Nyirahabimana alijibu, bila ubaya wowote.

Mwingine akauliza kama inauma. Mwingine akataka kujua inalala saa ngapi. Twahiru aliwajibu wote kwamba hajui, na wote wakaona ni mtu mwenye maringo. Kisha akafika katekista wa kigango cha pale juu, amevaa koti jeusi, akasema misa imeanza na mahubiri hayasikiki kwa sababu ya mawimbi. Aliomba kama mzee anaweza kuzungumza nayo, watu wamalize.

Mzee Twahiru hakujua lugha ya kuzungumza na bahari. Alichojua ni namna ya kuwanyamazisha watoto msikitini, na hiyo aliijua vizuri. Akateremka mpaka mwisho wa viazi, akainua kidole.

"Hebu tulia kidogo. Watu wanasali."

Bahari ikatulia. Wimbi lililokuwa njiani lilijilaza taratibu pale lilipofika. Katekista akamshukuru mzee, akarudi kanisani, na maji yalikaa kimya mpaka yaliposomwa matangazo ya michango. Hapo yakaendelea na kazi yao. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Mtu na cha kwao.

Swafiya ndiye aliyebaki amesimama. Alikuwa ameinua tofali moja ili alipandishe juu, akalisahau mikononi.

"Baba," alisema, "kilima chetu kimekuja."

Jumatatu asubuhi na mapema alikuwa ofisini. Mbele yake kwenye foleni kulikuwa na kaa, aliyefika kabla ya mlango kufunguliwa, naye akaambiwa arudi Alhamisi. Swafiya aliingia, akaketi, akaeleza hoja yake bila kupaza sauti. Kilima chake kinaitwa Bahari. Miaka yote kimekuwa hakipo. Sasa kipo, sekta ya Gahanga, na mtu yeyote mwenye macho anaweza kwenda kukitazama.

Munyaneza aliweka kalamu chini. Alikuwa karani mwaminifu na aliijua hoja nzuri akiisikia.

"Rwose, kweli kabisa, hiyo ina uzito," alisema. "Lakini siwezi kuandika kwa kusikia. Jumamosi kuna umuganda huko. Nitaona na macho yangu."

Jumamosi komini nzima ilikwenda Gahanga na majembe. Kazi ya pamoja ya Jumamosi siku hizo ilikuwa zaidi kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na bwana shamba, baada ya kuipima bahari kwa kijiti, aliamua kwamba ni maji yanayoteremka mlimani na kula udongo, isipokuwa haya yanapanda. Tiba ikabaki ile ile. Watu walijipanga mistari kufuata mlalo wa mlima, wakachimba mtaro wa kwanza, wa pili na wa tatu, wakapanda majani ya mifugo kwenye kingo. Swafiya alichimba mita zake na za baba yake. Saa nne bahari ikapanda, ikafika mtaro wa kwanza ikaujaza, ikafika wa pili ikaujaza, ikafika wa tatu ikasimama. Bwana shamba akasema mnaona. Kuanzia siku hiyo haikuvuka mtaro wa tatu bila kuambiwa.

Munyaneza alikuwepo, suruali ameikunja, jembe begani. Aliiangalia bahari, akalowesha kidole, akaonja, akaandika kitu kwenye karatasi. Siku iliyofuata ya kazi aliichora kwenye ramani ya ukutani kwa kalamu ya buluu. Wino uliisha kabla hajafika mwisho, kwa hiyo sehemu ya mashariki ya bahari ikawa nyekundu.

Jumanne Swafiya alipoingia ofisini, Munyaneza alisimama akampa mkono. Swafiya alikuwa amevaa kanga mpya na amemwacha baba yake nyumbani akinyolewa ndevu, kwa kuwa siku ya mhuri si siku ya mchezo. Fomu ilikuwa mezani. Munyaneza aliijaza kwa sauti, apate kusikia kila neno.

"Bon. Jina, Swafiya binti Twahiru. Kazi, fundi. Kilima, Bahari." Aligeuka akaitazama ramani, akatabasamu. "Bahari iko. Sekta, Gahanga. Muuzaji, Gasana, anakubali. Byiza, vizuri."

Akachukua mhuri, akaupulizia pumzi mara mbili ili wino uamke. Swafiya aliuona ukining'inia juu ya karatasi, duara lake la zambarau, na moyo ulimdunda hata akaona aibu. Nyumba aliiona. Aliuona mlango, wa mbao, umefunguka kwa ndani.

"Imebaki mstari mmoja," Munyaneza alisema. "Wanauliza, kilima hicho kiliingia komini lini?"

"Jumanne ya tarehe mbili."

"Ya mwezi huu?"

"Ya mwezi huu."

Munyaneza aliulaza mhuri ubavu, pole pole.

"Basi watu wa Bahari wamefika tarehe mbili," alisema. "Mama, weye uko mgeni wa wiki mbili."

"Mimi nimezaliwa Biryogo, mwaka wa thelathini na tisa."

"Ndiyo, naona, imeandikwa hapa. Ulizaliwa mbele ya kilima chako kufika. Hiyo ni shida nyingine kabisa, tusiifungue leo."

"Na baba yangu? Baba yangu amezaliwa hapa kabla hata ya hii ofisi. Bahari yenyewe inamsikia akisema."

"Nilisikia hiyo habari. Nami naamini." Munyaneza aliipitia fomu tena, mbele na nyuma, kwa huzuni ya kweli. "Lakini haina mahali pa kuandikwa. Mgeni anangoja miaka kumi, mama. Ikifika, njoo asubuhi, nitakutanguliza."

Swafiya alikasirika. Alikasirika mpaka masikio yakapata moto, akatoka bila kuaga, na mlangoni akampita yule kaa, ambaye alikuwa amerudi Alhamisi na tangu hapo hajaondoka. Nyumbani alimwambia baba yake. Mzee Twahiru, ndevu zimenyolewa vizuri, alivitazama vidole vyake, vyote kumi, kisha akavikunja. Jioni Swafiya akashona shati la pili la yule mwalimu mwenye shingo nene na kuipunguza kola nusu inchi, na mwalimu hakuwa amemkosea kitu.

Wiki tatu baadaye Munyaneza alikuja mwenyewe mpaka barazani. Wageni walikuwa wameanza kutoka mbali kuja kuangalia volkano na bahari mahali pamoja, wengine na kamera, na komini iliona pafanywe pazuri. Kungekuwa na geti, mabenchi na mlinzi. Kila atakayepanda angebandikwa utepe kifuani, wa kijani kwa wenyeji na wa njano kwa wageni, ili ijulikane nani anaonyeshwa na nani anaonyesha. Zilihitajika tepe mia tatu, na mshono ulionyooka kuliko yote Kigali ulikuwa wa Swafiya.

"Kazi ya komini haipotei," Munyaneza alisema, akiutazama mguu wa cherehani. "Wakubwa wanaona."

Swafiya alijua maneno hayo yana uzito gani, nao ulikuwa mdogo, lakini alitumaini, kwa sababu ya matofali elfu nne. Akashona. Tepe za kijani alizipinda pindo mara moja. Za njano alizipinda mara mbili na kuziwekea kitambaa cha ndani zisikwaruze kifua, maana mgeni ni mtu wa kuheshimiwa, ndivyo alivyolelewa. Baadaye akaletewa oda ya nyongeza. Kaa waliozaliwa ndani ya mitaro ya umuganda walikuwa wamehesabiwa, wakaonekana ni wenyeji wa sekta, na zikatakiwa tepe za kijani za inchi moja. Alizishona hizo pia. Zilimsumbua kwenye kona.

Viwanja vya juu ya mgongo viligawiwa kabla ya mvua za vuli. Waliopata walikuwa watu wenye vilima vilivyo kwenye ramani, wengi wao vilima vya mbali sana, na walijenga upesi, madirisha makubwa upande wa bahari, kisha wakalalamika kwamba mwanga unawaumiza macho. Walimwendea Gasana mara tatu kuhusu kile kipande chenye matofali. Gasana, akiwa ndani ya kaptula yake ya mguu mpana, aliwaambia kipande hicho kina mwenyewe, ila mwenyewe hajafika bado.

Kujenga Swafiya hakuruhusiwa. Alimwuliza Munyaneza kuhusu kupanga matofali tu. Munyaneza alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kurasa nyingi, akasema kupanga matofali bila udongo si kujenga, mradi yasipite goti. Kwa hiyo Swafiya akayapanga. Akapanga chumba kimoja na cha pili, akapanga kibanda cha jiko, na upande wa bahari akaacha upenyo wa mlango, hatua moja na nusu, upana uleule aliouona siku ile ya mhuri.

Ikawa ndiyo desturi yao ya Jumapili. Gasana aliwangoja Niboye na baiskeli, wakapanda, wakasimama getini kama watu wote. Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mbili walimkuta mlinzi mpya, Ndayisaba, kijana mrefu mwenye filimbi shingoni na utepe wa kijani kifuani. Aliwasalimia kwa mikono miwili akaomba vitambulisho. Alisoma cha mzee, akageuka akaitazama bahari, akakisoma tena.

"Bahari," alisema. "Mmetoka mbali. Poleni na safari."

Akatoa tepe mbili za njano kwenye sanduku, akambandika Swafiya, halafu akainama akambandika Mzee Twahiru, kwa uangalifu asimchome na pini. Twahiru aliushika utepe wake, akaugeuza, akapitisha ukucha juu ya pindo.

"Umeupinda mara mbili," alimwambia binti yake.

"Ndiyo, baba."

"Kazi nzuri."

Walikwenda nyumbani kwao. Hapakuwa na la kufanya ila kuinua mguu na kuvuka tofali, lakini Mzee Twahiru alizunguka mpaka upande wa bahari akapita mlangoni, kama anavyofanya mtu mzima. Aliketi chumba cha mbele. Swafiya akammiminia chai. Wenye tepe za kijani na wenye tepe za njano walipita karibu yao wakionyeshana volkano za Muhabura na Karisimbi, wakigeuka kuonyeshana mawimbi, na wengine wakapiga picha ya mzee aliyekaa katikati ya matofali, wakidhani ni sehemu ya mandhari. Chini, bahari ilipanda mtaro wa kwanza na wa pili, ikafika wa tatu ikasimama. Ilikuwa ikimtazama. Kila Jumapili ilikuwa hivyo, na kila Jumapili Twahiru aliinua kidole kidogo tu, na wimbi moja dogo likavuka mtaro, likapanda mpaka kizingitini, likamlowesha visigino, likarudi.

Alasiri ikapoa. Upepo ukaanza kuvuma kutoka majini.

"Funga mlango, mwanangu," Twahiru alisema. "Baridi inaingia."

Swafiya aliweka kikombe chini. Alikuwa na hasira tena, ile ile ya mwezi wa nane, haijapungua hata chembe, na alimpenda baba yake. Akaenda kwenye ule upenyo, akaufunga, akahakikisha umeshika, akarudi kukaa. Ndani pakawa na joto kidogo.

Saa kumi na mbili kamili Ndayisaba akapuliza filimbi. Wageni muda wao ulikuwa umekwisha. Wenye tepe za kijani waliruhusiwa kubaki mpaka giza. Swafiya akafungua mlango, wakatoka, akaurudisha nyuma yao. Kaa wanne walibaki jikoni.

Getini Ndayisaba alipokea utepe wa Swafiya, akaukunja vizuri, akautia sandukuni.

"Asanteni kututembelea," alisema. "Karibuni tena kwetu."

Mzee Twahiru alikuwa akihangaika na pini ya utepe wake. Ilipotoka alimtazama yule kijana usoni, kwa upole.

"Na wewe, mwanangu, kilima chenu ni kipi?"

Uso wa Ndayisaba ukachangamka. Alinyoosha mkono kaskazini, ambako volkano zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

"Kile pale, muzehe, iko nyuma ya ile ya mwisho. Mimi ni wa Ruhengeri. Hapa nimefika juzi, Jumatano."

"Ah," alisema Mzee Twahiru, akampa utepe wake. "Karibu Kigali."